Eksirei safi, mfupa uliovunjika: uchambuzi wa kisa kimoja cha skafoidi

Kijana wa miaka 22 alifika kliniki ya mifupa na malalamiko ambayo hayakumtisha mtu, hata yeye mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa umekosa nguvu. Akiinua sufuria yenye maji, kifundo kinauma. Akipiga pushapu, hawezi kulalia kiganja. Akikutana na kifuniko cha chupa kilichokaza, anahamia mkono wa kushoto. Uvimbe haukuonekana, ganzi haikuwepo. Ni golikipa, na kwa miezi kadhaa alikuwa ameendelea kudaka mipira akiwa amejifunga bandeji ya kuvutika.

Historia yake ilikuwa fupi. Miezi 7 nyuma aliruka kudaka mpira wa juu, akakosa mizani, akanyoosha mkono ili asiangukie uso. Uzito wote ukatua kwenye kiganja. Siku hiyohiyo alikwenda kituo cha afya, akapigwa picha mbili za eksirei, akaambiwa mfupa ni mzima, ameteguka tu. Alipewa dawa ya maumivu na bandeji. Hakupewa tarehe ya kurudi. Baada ya wiki mbili hivi maumivu yalishuka hadi kiwango cha kuvumilika, naye akahesabu kwamba yamekwisha.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mwenendo unaojirudia sana kliniki, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kutambulika ndani yake. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu jeraha hili huzuiwa lisifike lilipofika kwa hatua ndogo mno, na kwa sababu mgonjwa anayejua cha kuuliza anaweza kuuokoa mkono wake mwenyewe.

Mfupa unaovunjika upesi na kuunga kwa shida

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 iliyojipanga safu mbili. Safu inayokutana na rediasi, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, ina skafoidi, lunati, trikwetra na pisifomu. Safu inayobeba mifupa ya kiganja ina trapezi, trapezoidi, kapitati na hamati. Skafoidi iko upande wa kidole gumba, na ndiyo pekee inayovuka kutoka safu moja hadi nyingine. Ina umbo la korosho, na kwa mtu mzima urefu wake ni kati ya sentimita 2 na 3.

Kuvuka huko ndiko kunakoiponza. Mtu akianguka kiganja kikiwa wazi na kifundo kimepinda nyuma kupita nyuzi 90, ncha ya nyuma ya skafoidi, ile iliyo karibu na rediasi, inabanwa na rediasi pamoja na ligamenti zake (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa), huku ncha ya mbele ikisukumwa na uzito wa mwili. Mfupa unapasuka katikati, mahali tunapopaita kiuno. Kati ya mivunjiko yote ya mifupa hii 8, skafoidi peke yake huchukua takriban asilimia 60 hadi 70, na karibu theluthi mbili ya mivunjiko ya skafoidi hutokea kiunoni. Michezo, ajali za pikipiki, kuanguka kutoka juu, hata kugongwa kiganja na usukani wa gari: njia ni nyingi lakini nguvu inapita palepale.

Umri nao husaidia kukisia. Mtoto akianguka vilevile, sehemu ya kukua ya rediasi huachia kwanza. Mzee ambaye mifupa yake imepungua uzito huvunja mwisho wa rediasi. Skafoidi ni jeraha la watu wenye mifupa imara, hasa wanaume wa miaka 15 hadi 30, kwa maana kwao rediasi inastahimili na nguvu yote inamalizikia kwenye kifupa hiki. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 aliyeangukia kiganja, anayeumwa upande wa kidole gumba, anastahili kutiliwa shaka ya skafoidi kabla hata hajaguswa.

Sasa kwa nini hauungi kirahisi? Sababu ya kwanza ni kwamba takriban asilimia 80 ya uso wake imefunikwa na gegedu, ule utando mlaini unaofunika mifupa inapokutana kwenye kiungo, maana unakutana na mifupa mingine karibu pande zote. Mfupa wa kawaida ukivunjika, utando wake wa nje hutengeneza mfupa mpya kuzunguka ufa na kuufunga kwa nje. Skafoidi haina nafasi ya utando huo, basi inabidi iunge kwa ndani tu, ncha kwa ncha, na hilo linahitaji pande mbili zigusane na zitulie.

Sababu ya pili ni damu, na hapa ndipo ugumu halisi ulipo. Matawi ya ateri ya rediasi yanayoilisha skafoidi huingia kwenye mgongo wa mfupa, kiunoni na mbele yake, kisha damu husafiri kurudi nyuma hadi kwenye ncha iliyo karibu na rediasi. Njia hiyo hulisha asilimia 70 hadi 80 ya mfupa; tawi lingine la upande wa kiganja hulisha kipande cha mbele kilichobaki. Ncha ya nyuma, kwa hiyo, haina mlango wake wa maana. Ufa ukipita kiunoni, damu yake inakatwa au inapunguzwa. Ukipita nyuma zaidi, hali ni mbaya zaidi. Mvunjiko wa ncha ya mbele huunga vizuri ndani ya wiki chache. Wa ncha ya nyuma, ukitibiwa kwa plasta peke yake, karibu mmoja kati ya 3 hauungi, na kipande kinaweza kufa kwa kukosa damu. Mfupa mmoja, mivunjiko ya sentimita moja huku na huku, na hatima tofauti kabisa.

Uchunguzi wa mkono

Nilianza na mkono wa kushoto, ulio mzima, ili kijana ajue kubonyezwa kwa kawaida kunavyohisi na mimi nijue kifundo chake kinapinda kiasi gani. Kisha wa kulia.

Ukinyoosha kidole gumba kwa nguvu kukielekeza juu, kwenye shina lake upande wa kifundo panatokea kishimo kati ya kano. Sakafu ya kishimo hicho ni skafoidi. Nilibonyeza hapo kwa ncha ya kidole, polepole, na uso wake ukajikunja kabla hajasema neno. Sehemu ya pili ni upande wa kiganja: kwenye mkunjo wa kifundo, chini ya shina la kidole gumba, kuna kigongo kidogo kinachojitokeza zaidi mkono ukipindwa nyuma. Hiyo ni ncha ya mbele ya skafoidi. Nayo iliuma. Jaribio la tatu ni kukishika kidole gumba na kukisukuma kwa kunyooka kuelekea kifundo, bila kukipinda. Aliurudisha mkono mwenyewe.

Hakuna jaribio lolote kati ya hayo linalojitosheleza. Kishimo pekee huuma hata kwa mtu asiye na mvunjiko, kwa kuwa tawi la neva hupita juu yake. Lakini yote matatu yakiuma kwa mtu aliyeanguka karibuni, hakuna ruhusa ya kumwita ameteguka. Kwa jeraha bichi, majaribio hayo hayachukui hata dakika 2 na hayahitaji kifaa chochote.

Kifundo chake cha kulia kilipinda nyuma pungufu kwa nyuzi 25 ukilinganisha na cha kushoto, na nguvu ya kukamata kwenye kipimo ilikuwa karibu nusu ya upande mzima. Nilimjaribu pia ligamenti inayofunga skafoidi na lunati, kwa sababu ikichanika huleta maumivu ya mahali palepale na hupotea vilevile kwenye picha za kawaida. Ilikuwa imeshika.

Kwa nini picha ya kwanza ilikuwa safi

Kijana alikuwa bado na picha zake za siku ya kwanza. Niliziweka kwenye mwanga nikazitazama kwa makini, na sikuona ufa. Aliyezisoma siku ile hakupuuza kitu kilichokuwepo. Tatizo lilikuwa kwamba jibu la picha lilichukuliwa kuwa jibu la mkono.

Eksirei ya kifundo inayopigwa kwa mbele na kwa ubavu huionyesha skafoidi ikiwa imeinama, sehemu moja ya mfupa imelalia nyingine. Ufa mwembamba usioachana hauonekani isipokuwa mionzi ipite sambamba nao. Ndiyo maana, mtu akishukiwa skafoidi, huombwa picha za ziada: moja ya mshazari, na moja ya mbele huku kiganja kimeelekezwa upande wa kidole cha mwisho, ili mfupa unyooke na kuonekana kwa urefu wake. Kijana huyu alipigwa mbili za kawaida tu. Hata hivyo nisingependa msomaji adhani picha nne ni dawa. Hata zikipigwa zote na kusomwa na mtaalamu, baadhi ya mivunjiko ya skafoidi, inayokadiriwa kufikia mmoja kati ya 5 au 6, haionekani siku ya kwanza.

Baada ya siku 10 hadi 14 mambo hubadilika. Mwili huondoa chembe za mfupa zilizokufa kwenye kingo za ufa, mstari unapanuka, na eksirei ileile iliyokuwa safi sasa inaonyesha. Hiyo ndiyo sababu ya ule utaratibu wa zamani ambao bado una thamani kubwa mahali pasipo na vipimo vikubwa: mfunge, mpe tarehe, mpige tena.

Palipo na MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hakuna haja ya kusubiri hivyo. MRI huonyesha maji yaliyojaa ndani ya mfupa uliopasuka ndani ya siku chache za kwanza, na ndicho kipimo kinachoaminika zaidi kuthibitisha au kukanusha. CT, eksirei inayopigwa kwa tabaka na kuunganishwa na kompyuta, nayo huonyesha vizuri zaidi kama vipande vimeachana na kama mfupa umeunga, kwa hiyo umuhimu wake mkubwa huja baadaye.

Jambo la haki lisemwe: wengi wa wanaofungwa kwa shaka ya skafoidi huku picha ikiwa safi, mwishowe hugundulika mfupa wao ni mzima. Wamekaa na plasta wiki mbili, wamekosa kazi au mazoezi, kwa ajili ya mvunjiko usiokuwepo. Gharama hiyo ni ya kweli na ndiyo hoja nzito ya kutafuta MRI mapema pale inapopatikana. Lakini nikiwekewa mizani, upande mmoja wiki mbili za usumbufu kwa wengi, upande wa pili kifundo cha kijana mmoja kikichakaa kabla hajafika miaka 35, nafunga.

Siku ya kwanza ingekuwaje

Tuirudie ziara ile ya kwanza ikienda inavyopaswa. Kijana ameanguka, kishimo kinauma, kigongo kinauma, kidole gumba kikisukumwa kinauma. Picha nne zinapigwa na hazionyeshi kitu. Anaambiwa: "Picha haionyeshi mvunjiko, lakini mkono wako unaonyesha dalili zake. Tutakutibu kama aliyevunjika mpaka tuhakikishe." Anafungwa plasta ngumu au kifaa kigumu kutoka chini ya kiwiko hadi kwenye kiganja, vidole vikiwa huru kukunjwa. Anapewa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Anaambiwa pia mambo ya kurudi nayo mara moja: vidole kufa ganzi, kubadilika rangi, kuvimba sana, au maumivu yanayopanda badala ya kushuka ndani ya plasta.

Kuhusu kidole gumba kufungwa ndani ya plasta, wengi bado hufanya hivyo kwa mazoea. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 uliwalinganisha waliofungwa kidole gumba na walioachiwa, na matokeo ya kuunga hayakutofautiana. Kumwachia mtu kidole gumba kunamwezesha kushika kalamu na kijiko, jambo kubwa kwa anayekaa na plasta wiki 6 au 8.

Mvunjiko ukithibitika kiunoni na vipande havijaachana, plasta huponya zaidi ya asilimia 90. Hukaa wiki 6 hadi 8 kwa kawaida, kisha mfupa huhakikiwa, na CT ni bora kuliko eksirei kwa kazi hiyo. Baadhi huhitaji hadi wiki 12. Matibabu yakichelewa kuanza zaidi ya wiki 4, uwezekano wa kutounga hupanda sana. Kijana wetu aliipita wiki ya nne akiwa golini.

Wapo watakaouliza kwa nini asipasuliwe mara moja akawekewa skrubu. Swali ni zuri, na lilijibiwa kwa sehemu kubwa na utafiti wa SWIFFT uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2020. Watu wazima 439 katika hospitali 31 za Uingereza, wote wakiwa na mvunjiko wa kiuno ulioachana kwa milimita 2 au pungufu, waligawanywa: nusu skrubu, nusu plasta. Baada ya mwaka, maumivu na uwezo wa kutumia mkono havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Madhara yanayoweza kuwa makubwa ya upasuaji yaliwapata asilimia 14 ya kundi la skrubu, ilhali matatizo ya plasta yaliwapata asilimia 18 ya kundi la plasta, mengi yakiwa mepesi. Mapendekezo ya watafiti yalikuwa na sehemu mbili ambazo hazipaswi kutenganishwa: anza na plasta, na mfupa usiounga ugunduliwe mapema na kupasuliwa bila kuchelewa. Nawaona watu wakiinukuu ya kwanza na kuisahau ya pili. Plasta bila ufuatiliaji si ile iliyopimwa katika utafiti huo.

Upasuaji wa mwanzo una nafasi yake: vipande vilivyoachana wazi au kupinda, mvunjiko wa ncha ya nyuma, na skafoidi iliyovunjika pamoja na mifupa mingine kuhama. Mwanamichezo au fundi anayetaka kuachana na plasta mapema anaweza pia kuuchagua, mradi ameelezwa kwamba mwisho wa mwaka mkono wake hautakuwa bora kuliko wa mwenzake wa plasta.

Picha baada ya miezi 7

Eksirei mpya haikuhitaji jicho la mtaalamu. Ufa ulikuwa wazi kiunoni, kingo zake zimekuwa nyeupe na laini, dalili ya mfupa uliokata tamaa ya kuunga. CT ilionyesha lile nililohofia: vipande vilikuwa vimeinamiana, kile cha mbele kimepinda kuelekea kiganjani na kile cha nyuma kimefuatana na lunati kuinuka. Mfupa ulikuwa umepata kibiongo na kufupika. Hiyo ndiyo iliyoyaiba mapindo yake ya nyuma. Ncha ya rediasi upande wa kidole gumba ilikuwa imeanza kuchongoka kidogo. MRI ilionyesha kwamba kipande cha nyuma bado kina uhai.

Alinitazama akauliza, "Daktari, lakini si walisema nimeteguka?" Nilimwonyesha picha ya kwanza na ya sasa, mojamoja, nikamweleza kwamba ufa huu ulikuwepo tangu siku ile ingawa picha haikuuona. Mtu akiona kwa macho yake anaelewa kuliko akiambiwa.

Swali lake la pili lilikuwa: nikiuacha, itakuwaje? Jibu linajulikana vizuri. Skafoidi isiyounga hubadilisha mwendo wa kifundo chote. Gegedu huanza kuliwa kati ya skafoidi na ncha ya rediasi, kisha kati ya skafoidi na kapitati, kisha kati ya kapitati na lunati. Kwa mfuatano huo karibu bila kubadilika. Mahali rediasi inapokutana na lunati husalimika kwa muda mrefu, na ndipo wapasuaji wanapoegemea pale kifundo kinapokuwa kimeharibika: ama kuondoa skafoidi, lunati na trikwetra za safu ya nyuma, ama kuondoa skafoidi peke yake na kuigandisha pamoja mifupa minne kati ya iliyobaki. Operesheni hizo hupunguza maumivu, lakini hazirudishi kifundo. Mtu wa miaka 22 hapaswi kuelekea huko iwapo kuna njia.

Plasta peke yake kwa wakati huo isingefaa kitu. Kingo zilishakufa na kibiongo hakinyooki kwa kufungwa kwa nje. Alihitaji kupandikizwa mfupa na kuwekewa skrubu. Jambo moja nililiweka kuwa sharti kabla ya kupanga tarehe: alikuwa anavuta sigara, na sigara hupunguza wazi uwezekano wa mfupa huu kuunga baada ya upasuaji. Aliacha. Natamani wagonjwa wote waelezwe hili kwa uzito huohuo linalostahili, maana mara nyingi hutajwa kwa haraka mlangoni.

Upasuaji

Mkato ulipita upande wa kiganja, kando ya kano kubwa inayokunja kifundo. Kwa njia hiyo mishipa ya damu inayoingia mgongoni mwa mfupa haiguswi, na kibiongo kinafikika upande kilikopindia.

Ufa ulikuwa umejaa nyama ngumu ya kijivu mahali palipopaswa kuwa na mfupa. Yote ilikwanguliwa mpaka mfupa wenye afya uonekane pande zote mbili. Kisha mkanda wa kuzuia damu ukalegezwa, na hapo ndipo pa kutulia na kutazama: kwenye uso wa kipande cha nyuma yakatokea matone madogomadogo ya damu, moja hapa, jingine pale. MRI ilikuwa imesema kweli. Laiti uso ule ungebaki mkavu, ingebidi kufikiria kupandikiza kipande cha mfupa pamoja na mshipa wake wa damu, kutoka kwenye rediasi au kwenye paja, kazi ndefu na ngumu zaidi.

Kipande cha pandikizi kilichukuliwa kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga, kikachongwa umbo la kabari, upande mpana ukielekea kiganjani. Kabari ilipoingia, skafoidi ilinyooka na urefu wake ukarudi. Waya mwembamba ulipitishwa katikati ya vipande vyote vitatu, ukahakikiwa kwa eksirei ya papo hapo, na juu yake ikapitishwa skrubu isiyo na kichwa.

Skrubu hiyo inastahili sentensi mbili. Mpasuaji wa Australia, Timothy Herbert, pamoja na Fisher, waliieleza mwaka 1984: ina nyuzi za kukazia zinazoizunguka ncha zote mbili, na nafasi kati ya nyuzi za ncha moja ni kubwa kuliko za ncha nyingine, hivyo ikizungushwa huvivuta vipande vikakazana. Kwa kuwa haina kichwa, huzama yote chini ya gegedu, na katika mfupa uliofunikwa na gegedu karibu wote, kichwa cha skrubu kingesaga kiungo kila mkono unaposogea.

Mifupa mingine midogo

Kabla ya kumaliza safari ya kijana huyu, niwataje wenzake skafoidi, kwa sababu anayejua skafoidi tu naye hupitwa. Trikwetra ndiyo ya pili kwa kuvunjika. Kwa kawaida ni kipande kidogo kinachobanduka mgongoni, huonekana kwenye picha ya ubavu, na wiki chache za kifaa kigumu hutosha. Hamati ina ndoano inayojitokeza kiganjani upande wa kidole cha mwisho, nayo huvunjwa na mpini wa raketi, wa fimbo ya gofu au wa gongo la besiboli. Maumivu yake hukaa kwenye kiganja, yanaweza kuandamana na ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete, na eksirei za kawaida huikosa, CT huiona. Kapitati mara nyingi huvunjika pamoja na skafoidi.

Lunati inanitia hofu zaidi. Katika ajali zenye nguvu kubwa, mifupa inayoizunguka inaweza kuhama yote, na picha ya mbele ikaonekana karibu ya kawaida. Picha ya ubavu ndiyo inayosema. Hilo ni jambo la dharura la siku hiyohiyo, na neva ya kati ya mkono inaweza kubanwa. Maumivu ya lunati yanayokuja taratibu bila ajali kubwa ni habari nyingine: ugonjwa wa Kienböck, ulioelezwa na Robert Kienböck wa Vienna mwaka 1910, ambao mfupa huo hukosa damu na kuporomoka.

Baada ya upasuaji

Alikaa na plasta wiki 8, vidole vikifanya mazoezi tangu siku ya kwanza. Nyonga ilimuuma kuliko mkono katika wiki ya kwanza, jambo ambalo wagonjwa wanapaswa kuambiwa mapema kwa sababu huwashangaza. CT ya wiki ya 12 ilionyesha mfupa ukipita kwenye zaidi ya nusu ya upana wa kila kiungio, upande wa mbele na wa nyuma wa pandikizi. Mazoezi ya kupinda kifundo yalikuwa yameanza plasta ilipotoka. Ya kubeba uzito na kulalia kiganja yalisubiri CT hiyo. Kwa wagonjwa wa namna yake, ambao ncha ya nyuma bado ina damu, upasuaji huu hufanikiwa kwa takriban 8 au 9 kati ya 10. Mmoja au wawili hawafanikiwi hata kila kitu kikifanywa sawasawa, na alilijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Mwaka mmoja baada ya operesheni nguvu ya kukamata ilikuwa imefika asilimia 90 ya mkono wa kushoto. Mapindo ya nyuma yalibaki pungufu kwa nyuzi 10 hivi. Amerudi golini, anavaa kinga ya kifundo mazoezini, na anajua kwamba ule mchongoko mdogo kwenye ncha ya rediasi haukufutika kwa skafoidi kuunga. Skrubu itabaki ndani maisha yake yote isipokuwa ilete shida. Ameandikiwa tarehe ya picha nyingine, na ameambiwa asiisubiri iwapo maumivu ya upande wa kidole gumba yatarudi au kifundo kitaanza kukaza asubuhi.